Kofuli la Shaba

Mama alikuwa akimvua Chiriku hereni. Nyumbani walimpachika binti huyo jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukupoa tangu alipojua kusema. Mtaalamu wa picha alikwishawaeleza kwamba mashine ile ni sumaku tupu, chuma hakiingii. Zikatoka na pini za nywele.

"Lala tuli, mama," mtaalamu alimwambia mtoto. "Itagongagonga, lakini haiumi."

Mashine ikagonga weee, kisha ikanyamaza. Kwenye kioo figo ya kulia ilionekana imevimba, na mrija wake umetanuka. Chini, kwenye mlango wa kibofu, lilining'inia kofuli.

"Ni la shaba," alisema mtaalamu. "Ndiyo maana sumaku haikulivuta. Anasoma ile shule ya ukuta wa kijani?"

"Ndiyo."

"Nilijua tu. Wasichana wa pale wanakuja nalo."

Daktari aliitazama picha kwa muda mrefu. Alisema mkojo ukikosa pa kutokea hurudi juu. Figo ya kulia imeshakufa, sasa waombee ya kushoto.

"Na hilo kofuli?"

"Kisu hakilikati. Tafuteni ufunguo."

"Anao mwalimu mkuu," alidakia Chiriku. "Vyoo vipya anavifunga. Vya zamani havina milango, wavulana wanatuchungulia. Mimi najibana mpaka nyumbani."

Kesho yake Mama alimpelekea mwalimu mkuu picha. Mwalimu aliinua miwani, akaisogeza picha dirishani.

"Ndilo hasa," alisema. "Hata ule mkwaruzo ubavuni."

"Basi mfungulie mwanangu, mwalimu. Nakuomba. Figo moja imekwenda."

"Pole sana, mama. Lakini vyoo vile ni vya wageni. Wakaguzi wakija wakavikuta vichafu, uso wangu nitauweka wapi? Na nikimfungulia mmoja, itabidi niwafungulie wote."

Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba ya filimbi. Alimrudishia picha kwa mikono miwili, akamsindikiza hadi getini, akamwambia amsalimie mgonjwa.

Jumatatu Chiriku alivaa sare. Mama alimwekea chai na kikombe cha maji, kama daktari alivyoagiza. Mtoto alikula mkate mkavu, akavisukuma vyote viwili kando.

"Kunywa, mwanangu."

"Nitakunywa nikirudi."

Mama hakumlazimisha.