Mifuko ya Krimu Kwenye Kamba

Jirani yetu Concilie anadai keki niliyooka kwa ajili ya ubatizo ilikuwa na ladha ya sabuni, hata padri akaitema. Padri sikumwona akitema, ila sabuni ni kweli. Mama mkwe ndiye hunifulia mfuko wa kitambaa wa kukamulia krimu juu ya keki, pamoja na nguo za mtoto. Tangu afike hapa mtaani kwetu Minto, ni kazi hiyo tu aliyoiomba.

Sikumwambia kitu. Nilinunua mifuko ya plastiki ya kutumia mara moja, nikawa naitupa.

Leo nimeikuta kwenye kamba, imebanwa vizuri, inang'aa juani.

"Mwanangu, ulikuwa na usingizi? Umeidondosha yote kwenye pipa!" mama mkwe akacheka. "Hii inatakata upesi. Kesho utanipa mingine nifue?"

Nikakirudisha kwenye kamba kibanio nilichokuwa nimeshabandua.