Kifuniko cha Tatu

Mshona nguo wa nyumba ya pili aliapa kwamba tatizo ni mbegu. Kwa maelezo yake, aliyoyatoa pini zikiwa bado mdomoni, binti wa jirani aliliweka gunia karibu na jiko, mbegu zikaiva nusunusu kwa moshi, na ndiyo maana maharage ya shamba la juu yamegeuka manjano. Alidai ameliona gunia kwa macho yake. Hakuwahi kukanyaga jikoni mle, lakini maneno hayana breki. Kufikia adhuhuri hata mama mzazi alikuwa akimtazama binti yake kwa jicho la pembeni.

Binti alichukua kisu na ndoo ya maji, akaenda shambani.

Alichimbua shina moja taratibu, akaisuuza mizizi. Bwana shamba aliwahi kuwaonyesha wanakijiji: kwenye mizizi ya maharage huota vinundu kama punje za mtama, na ndani yake wanaishi bakteria wanaoulisha mmea. Ukipasua kinundu ukakuta wekundu, ujue wako kazini. Hapa alipata vitatu tu, vyeupe, vimesinyaa. Akachimbua mashina mengine manne, hali ni ileile. Ndipo akaenda kwenye mistari ya mwisho, kando ya mtaro, ambako siku ya kupiga dawa ya magugu pampu ya kaka yake iliziba, ikabidi yeye apalilie kwa jembe. Huko majani yalikuwa kijani, mizizi imesheheni vinundu. Akapasua kimoja. Kilikuwa chekundu kama nyama.

Na mbegu zote zilitoka gunia moja.

Kaka yake alikuwa nyuma ya nyumba, anachanganya dawa ya magugu ya shamba la chini, ambako maharage ndiyo kwanza yametoa majani. Maandishi ya chupa yalitaka kifuniko kimoja kwa pampu. Yeye huweka viwili, halafu cha tatu anachokiita cha baraka, kwa kuwa magugu, anasema, ni kama wageni wasioaga.

Binti alimwekea mizizi ya pande zote mbili juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweleza. Kaka akacheka, akamuuliza kama bwana shamba amemwachia ofisi.

"Dawa ya majani inaua majani, mdogo wangu. Hao wadudu wako wako chini ya udongo. Itawatafutia wapi?"

"Haiwatafuti, kaka. Mvua inawapelekea. Na wewe unawazidishia."

Kicheko kikamwisha. Akaokota mizizi, akaminya kinundu kwa ukucha. Cheupe. Akaminya cha upande wa pili, akabaki akiutazama ule wekundu kidoleni. Kwa mkono mwingine alikuwa ameshika kifuniko cha tatu, kimejaa.

"Shamba la chini niachie mimi," binti akasema. "Nitalipalilia lote kwa jembe. Usikitie hicho kwenye pampu, kaka, tafadhali."

Kaka alifuta kidole kwenye suruali. Akaitazama pampu, akaitazama mizizi, na kile kifuniko bado kimejaa mkononi.