Gome Lilipofika Mdomoni

Mwongoza wageni aliwapanga watu wake mstari mmoja, akawaonya kuhusu siafu, kisha akaingia nao msituni. Aliwaonyesha mbega waliokuwa wakitafuna majani kwa maringo, na ndege hondohondo akimlisha mkewe aliyejifungia ndani ya shimo la mti. Walipofika kwenye mti mkubwa kuliko yote, ambao mizizi yake ilisimama kama kuta za nyumba, akasema, "Na huyu ni mume wangu."

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mumewe. Meneja wa hifadhi alimwamuru asiondoke pale mpaka kundi la mwisho lifike, na kundi likachelewa masika yote. Aliegemea shina kupumzisha miguu. Gome likamshika mgongo, likamshika mabega, likaendelea kupanda taratibu. Sasa ulibaki uso tu, na gome lilikuwa limeshagusa mdomo wa chini.

"Shemeji, humo unakula nini?" akauliza mgeni mmoja mwenye kofia pana.

"Nakula jua. Ila halina chumvi."

Wageni wakacheka, wakapiga picha. Mke akamtoa mchwa puani kwa ncha ya leso.

"Mama watoto, umemwambia meneja?"

"Nimemwita. Yule anakuja."

Meneja alifika akihema, suruali ameikunja. Mke akamwomba ruhusa ya kulichanja gome kwa panga, kidogo tu, kabla mdomo haujazibwa.

"Mama, mti huu unalindwa na sheria," meneja akasema kwa upole. "Ukiukata, unafungwa."

"Na mume wangu je?"

"Yeye sheria haijamtaja."

"Waambie watoto," mume akaanza, na maneno yaliyobaki yakaishia ndani ya mti.

Meneja alisubiri kidogo kwa heshima. Kisha akaupapasa mti wa jirani, mchanga kidogo, gome lake bado laini.

"Wageni walimpenda kwa utani wake. Lakini na wewe mdomo unao, mama. Hebu egemea hapa. Msimu huu tu."

"Na watoto?"

"Watoto tutawaleta wakuone. Hawatalipa kiingilio."

Mwanamke akavua buti, kwa kuwa zilikuwa mali ya ofisi, akazipangusa tope na kumkabidhi meneja. Kisha akageuka, akachagua upande ambao angemwona mumewe, akaegemea. Meneja akamwomba asogee kidogo upande wa pili, wenye mwanga mzuri wa picha. Akasogea.