Chokaa Isiyo na Maji

Mwalimu Garama alipenda asili ya maneno kama wengine wanavyopenda kusifiwa. Asubuhi ile, wiki ya kungojea sherehe za Jamhuri hapo Msambweni, aliwafundisha wanafunzi wake neno anihidridi. Ni Kigiriki, akasema, maana yake isiyo na maji. Ni oksidi ambayo ikikutana na maji hugeuka asidi au alkali.

"Tazameni chokaa ya Mzee Dzombo," akaonyesha dirishani. "Imetoka tanuuni kavu kabisa. Ikipata maji huchemka."

Uwanjani Dzombo, mchoma chokaa wa Tiwi, alikuwa akiizima kwenye pipa la maji ili kuta za shule zipakwe. Rispah, mkewe Garama, alikuwa akimsaidia kubeba. Gunia likampasukia kifuani, unga ukamruka machoni.

Garama alitoka mbio kwa ukelele ule. Alimkuta Dzombo ameshainua mtungi.

"Usimtie maji, mzee! Itamchemkia machoni!"

"Niachie, mwanangu. Sisi ikituingia huosha kwa maji mengi mpaka mtu achoke. Yakiwa mengi, moto wake hauwahi kuunguza."

"Niwie radhi, mzee wangu, lakini hili nimelisoma."

Alilisoma kweli, na laiti asingelisoma! Akamtuma mtu mbio akalete mafuta ya nazi, yasiyo na maji, kisha akamkumbatia mkewe asiufikie mtungi.

"Garama, naungua! Nipe maji!"

"Vumilia, mke wangu. Vumilia kidogo tu."

Moyo ulimwambia ampe, neno likamkataza, naye akalisikiliza neno. Rispah alimpiga mateke, akamwuma bega. Garama alilia pamoja naye, lakini hakumwachia.

Dzombo akapaza sauti: "Mwalimu, mbona anatokwa na machozi? Hayo si maji? Tena machache!"

Mikono ya Garama ikalegea. Mzee akamimina mtungi wa kwanza, wa pili, wa tano, huku Garama akichota kisimani kama mwendawazimu, akimwomba Mungu aurudishe nyuma muda ule aliomzuia.

Daktari alisema jicho la kulia limekwisha. La kushoto watangoja waone.

Siku ya Jamhuri ngoma zilisikika mpaka wodini. Rispah, macho yamefungwa bendeji, aliupapasa mkono wa mumewe.

"Nilipokuomba maji," akauliza, "ulikuwa unangoja nini?"



"Mafuta ya nazi," Garama akasema.

Rispah akautoa mkono wake.