Bluu Kwenye Simu ya Mama

Mama alinipigia asubuhi nikiwa kazini. "Mwanangu, mikono inanitetemeka, jasho linanitoka. Lakini simu inasema bluu."

"Kama ni bluu, sukari yako iko sawa, mama. Jilaze kidogo."

Mimi huyu, mtengeneza programu mzima, nikamwambia mama yangu ajilaze!

Programu yenyewe nilimtengenezea yeye. Macho yake hayasomi tarakimu tena, kwa hiyo akishajipima, skrini nzima hugeuka rangi: bluu ni salama, nyekundu ni sukari imeshuka, ale kitu kitamu haraka. Jana mchoraji wetu wa ofisini alinipa msimbo wa nyekundu mpya, kali zaidi. Nikainakili vilevile alivyoiandika, nikamwekea mama. Sikuijaribu. Rangi tu, nilijiambia, itamdhuru nani?

Lakini kutetemeka, na bluu? Roho haikutulia. Nikachukua simu ya majaribio, nikaingiza kipimo cha chini kabisa. Bluu. Nikarudia. Bluu!

Nikafungua msimbo wa rangi ile: FF0000FF. Mungu wangu wee! Mchoraji huanza na nyekundu, kisha kijani, kisha bluu, na uzito wa rangi huuweka mwisho, kila kimoja alama mbili: FF ni kujaa, 00 ni kutokuwepo. Simu ya mama husoma uzito kwanza, bluu mwisho. Alama zilezile nane, kwa mchoraji ni nyekundu ya hatari, kwa simu ni bluu tupu.

Nikampigia mama, simu ikaita hadi ikakatika. Nikampigia fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Vunja mlango! Mpe maji ya sukari!"

"Nivunje mlango wa watu?"

"Vunja, nimesema!"

Nilifika nikihema. Mlango ulikuwa umelala chini. Mama alikuwa ameketi kitandani, kikombe mkononi, fundi akimpepea kwa kipande cha kitambaa. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Walikuwa hawajaniona.

"Usimwambie mwanangu," mama alikuwa akimnong'oneza fundi. "Macho yamekwisha kabisa. Kumbe sukari ilishuka, na nyekundu nimeiona bluu."

Fundi akageuka, akaniona. Ningeweza kunyamaza, na nitasema ukweli, nilitaka kunyamaza.

"Mama, macho yako hayana kosa. Ilikuwa bluu kweli. Ni mimi niliyeiharibu programu."



"Kumbe bado naona!" mama akasema, akaanza kulia kwa furaha, akinishika mikono na kunishukuru. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.