Chandarua Kwenye Mfereji wa Bwawa

Bwawa lilikuwa la marehemu mumewe, na alipokufa likawa lake. Kurithi bwawa la udongo ni kurithi mtoto asiyekua: kila siku linataka kulelewa. Mwaka wa kumi na moja sasa Mama Bwawa, kama walivyozoea kumwita, aling'oa miche kwenye tuta kabla mizizi haijatoboa, akaziba mashimo ya panya, akafukuza mbuzi. Kiuno kilikuwa kimekwisha. Lakini chini ya tuta, hatua mia tu, alikaa bintiye na mumewe na kitoto cha miezi minane. Angepumzika vipi?

Msimu ule mkwewe akafuga samaki. Vifaranga vikawa vinatoroka kwa mfereji wa pembeni, ule wa kutolea maji yanapozidi. Mkwe akauziba kwa chandarua kikuukuu, akakikaza kwa vigingi vinne.

"Mwanangu, hiyo ndiyo pua ya bwawa. Ukiiziba litapumulia wapi?"

"Mama, chandarua kina matundu. Kinazuia mbu, maji yanapita!"

Wakacheka. Mama alitaka aving'oe vile vigingi jioni ileile, ila mwili ulikataa. Akajiambia, kesho; na kesho ikazaa kesho.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya tatu akapanda na jembe lake. Majani na takataka zilikuwa zimejaa kwenye chandarua mpaka kimekuwa ukuta, na katikati ya tuta ulimi mwembamba wa maji ulishavuka juu, unaramba udongo. Akavuta kigingi. Wapi! Chandarua kilikuwa kimetuna kwa uzito wa maji. Akaitazama nyumba kule chini. Akatupa jembe, akashuka mbio.

"Tokeni! Bwawa linakuja!"

"Mama jamani," binti akasema huku akikoroga uji, "mwaka juzi ulitutoa na magodoro, halikuja hata tone. Tumechoka."

Mama alimnyakua mjukuu mkekani, akashika njia ya mlimani.

"Mama! Mtoto hajala huyo! Leo umerukwa na akili?" Binti akamfuata peku, mwiko mkononi, akifoka. Mumewe nyuma yake anacheka: "Mwache, bibi katorosha mume wake!"

Walikuwa bado wanagombana pale mwinukoni waliposikia mngurumo, kama lori linalomwaga mawe. Tuta likapasuka. Nyumba, jiko, uji, vyote vikaenda na tope.

Mkwe akakaa chini kwenye majani, mikono kichwani. "Nisamehe, mama."

"Tusameheane. Mimi niliona, nikasema kesho."

Akamrudishia binti mtoto wake, akajinyoosha palepale kwenye nyasi mbichi, hana tena tuta la kulinda.

Nawe mwenye bwawa, ukiona kitu chochote kimeziba mfereji wako, kitoe leo, na uchovu wako hivyohivyo. Si kila nyumba ina bibi wa kuiba mtoto.