Shati Namba Arobaini na Moja

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi dobi alifungua duka, akachomeka pasi, akaanza kukagua nguo zilizokuwa zimening'inia tangu wiki iliyopita. Kila nguo ilikuwa na kipande cha kitambaa chenye namba, kimeshikizwa kwa pini kwenye upindo. Namba arobaini na moja lilikuwa shati la mdogo wake, mwalimu wa jiografia. Alikuwa amelifua na kulipiga pasi Jumatano, jeupe pe. Sasa kola ilikuwa na mstari wa kahawia na makwapa yamelowa.

Alikasirika kidogo, maana hakuwa mtu wa kazi mbovu. Akalisugua upya, akalianika, akalipiga pasi. Jumanne asubuhi lilikuwa chafu vilevile.

Hapo akaelewa. Mwalimu alichukuliwa Alhamisi kutoka chumba cha walimu, saa ya mapumziko, na wanaume wanne waliokuja na gari lisilo na namba. Tangu siku hiyo dobi alikuwa amezunguka vituo vitatu vya polisi, hospitali mbili na chumba cha maiti, na kote aliambiwa hayupo. Wote wawili walikuwa watu wa upinzani: dobi, dada mtu, alikuwa katibu wa chama tawi la mtaa wao, na mdogo mtu ndiye aliyeandika vipeperushi. Dobi mwenyewe alishawekwa ndani mara tatu, na mara ya mwisho alitoka na pengo mdomoni. Hakuwa mtu wa kubabaishwa na shati.

Alifunga duka nusu saa, akaenda kwa mama yao.

"Mama, anatoka jasho."

Mama aliweka chini kisu cha kumenyea viazi. "Basi yu hai. Jasho jingi?"

"La mtu aliyefungiwa pasipo dirisha."

"Lifue vizuri," mama akasema. "Asije akashinda na uchafu huko."

Kuanzia hapo alilifua kila siku. Wifi yake, mke wa Mwalimu, alipita kila alasiri akitoka kazini posta, mtoto mgongoni. Alilishika shati kabla halijaingia majini, akaweka pua kwenye kola, kisha akalirudisha.

Habari hazikai. Wiki haijaisha, mama mzazi wa kinyozi wa mtaani akaleta shati la mwanawe, ambaye kosa lake lilikuwa kubandika picha ya mwenyekiti wa upinzani katikati ya picha za mitindo ya nywele. Akafuata mke wa dereva wa lori. Akafuata baba mmoja na sweta mbili za wanawe wa chuo kikuu. Mwezi ulipoisha nguo zilikuwa kumi na tisa, na zote zilichafuka kila kukicha. Mikutano ya chama ilikuwa imepigwa marufuku, lakini hakuna aliyekumbuka kupiga marufuku kufua. Kwa hiyo tawi likawa linakutana penye mabeseni, wajumbe mikono ndani ya povu, na dobi akiandika muhtasari nyuma ya daftari la namba za nguo.

Mwezi wa pili mikono ya mashati ilianza kuja na vumbi jeupe na harufu isiyotoka kwa sabuni wala kwa jua. Fundi viatu, mwanachama mkongwe kuliko wote, alisugua vumbi lile kati ya vidole, akanusa.

"Chokaa ya kunyonyolea ngozi mbichi," akasema. "Nimeshika ngozi miaka arobaini, hapa hamnidanganyi."

Mjini kulikuwa na kiwanda kimoja tu cha ngozi. Kilifungwa miaka sita iliyopita, na hivi karibuni kilizungushiwa ukuta mpya na kuwekewa askari.

Wakili wa chama alipeleka maombi mahakamani, wenye mashati waletwe mbele ya jaji. Alikuwa mwanamke mfupi ambaye ofisi yake ilitiwa kufuli na serikali, akawa anaandikia kesi zake jikoni. Siku ya kusikilizwa, nguo zilifuliwa asubuhi hiyohiyo karani akishuhudia, zikatundikwa kwenye kamba iliyofungwa toka kizimbani hadi mlingoti wa bendera. Saa nne na dakika ishirini namba arobaini na moja likaanza kulowa mgongoni. Karani akaandika. Saa tano kasoro robo tone la damu likatokea kwenye mkono wa sweta ndogo. Baba mwenye sweta aliinuka, akaambiwa akae, akakaa. Karani akaandika.

Wakili wa serikali hakubisha. "Mheshimiwa Jaji, kwamba nguo hizi zinatoka jasho ni wazi kwa kila mwenye macho. Ila jasho halisemi ni nani aliyefunga mlango."

Jaji alisoma uamuzi baada ya chakula cha mchana. Mahakama iliridhika kwamba wenye nguo wako hai, wako pamoja, na walipo pana chokaa. Hata hivyo, mahakama haikupata ushahidi kwamba serikali inamshikilia mtu yeyote. Nguo zirudishwe kwa dobi, kwa kuwa mahakama haina mahali pa kufulia.

Siku tatu baadaye akaingia dukani bwana mmoja mpole, mwenye suti mbili za kupiga pasi na barua iliyokwisha kuchapwa.

"Dada, una mkono safi," akasema. "Siasa inakuchafua bure. Hapo unasema tu kwamba umejiuzulu na kwamba maombi yale yalikuwa ya uongo. Ukitia sahihi, namba arobaini na moja mwenyewe atakuja kulichukua Jumamosi."

"Na hao kumi na wanane?"

"Tunazungumza shati moja, dada."

Aliomba apewe hadi kesho. Alasiri wifi alipofika, dobi alimpa barua bila kuongeza lake. Wifi aliisoma mara mbili, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtoto alikuwa ameanza kutembea wiki ile, na sasa alikuwa akienda toka mguu wa meza mpaka kwenye beseni na kurudi, akijipigia makofi. Wanawake wale wawili walimtazama kwa muda mrefu.

Mwishowe dobi alichukua kalamu ya kuandikia namba, akageuza kola, akaandika kwa herufi ndogo: *Wanataka nijiuzulu utoke peke yako. Tufanyeje?* Akalitundika shati, wakangoja. Jua lilikuwa bado dirishani pale mikono ya shati ilipoanza kujikunja, pindo juu ya pindo, bila haraka, ikapita kiwiko. Ndivyo Mwalimu alivyokunja kila alipotaka kuchora ramani ya dunia ubaoni bila kuangalia kitabu, na ndivyo alivyokunja siku alipowafungulia mlango wakaguzi, akawaonyesha njia ya kutoka darasani kwake.

Wifi alifuta uso kwa upande wa kanga.

"Kichwa ngumu, huyo. Haya, waambie hapana. Lakini mtoto akianza kuuliza, utamjibu wewe."

"Nitamjibu mimi, wifi."

Bwana mpole alipokuja kesho yake, dobi alimkabidhi suti zake zimenyooshwa, na barua yake nayo imenyooshwa kwa pasi, haina sahihi.

Tarehe sita ya mwezi uliofuata shati la kinyozi lilibaki safi. Dobi alilikuta kama alivyoliacha, mkunjo wa pasi ukiwa bado umesimama. Akapapasa kola, akapapasa makwapa, akaligeuza ndani nje. Hakusema kwa mtu. Tarehe saba lilikuwa safi tena. Mama yake kinyozi alifika saa yake ya kawaida na mche wake wa sabuni, akalitazama.

"Na jana?"

"Na jana, mama."

Bibi yule akaomba lifuliwe hivyohivyo. Walilifua pamoja, mmoja kashika kola, mwingine upindo, na maji yalibaki meupe mpaka mwisho. Hakuna aliyeleta maiti. Hakuna aliyetangaza lolote.

Jumanne iliyofuata walivaa nguo zile, akina mama, wake na mababa, kila mmoja nguo ya mtu wake, wakaenda kusimama mbele ya lango la kiwanda cha ngozi. Mama yake kinyozi alivaa ile safi. Askari waliwahesabu. Dobi alisimama kivulini, hata hivyo mgongo wa shati ukalowa saa nne, kama kawaida. Lango halikufunguliwa. Jumanne ya pili wakaenda tena, na ya tatu, na askari wakaongezwa. Baada ya ya tano, serikali ilitoa tangazo kwamba nguo yoyote ya mtu asiyekuwepo ni lazima iandikishwe, na atakayevaa nguo isiyoandikishwa atashtakiwa.

"Mtego," fundi viatu akasema penye beseni. "Wanataka majina."

"Majina wanayo," dobi akajibu. "Mimi nataka mhuri."

Alifika ofisi ya uandikishaji milango ilipofunguliwa, amevaa namba arobaini na moja, na wenzake kumi na wanane nyuma yake kwenye foleni. Fomu zote kumi na tisa alishazijaza kwa mwandiko wake wa ukatibu. Karani wa hapo alizipitia bila kuinua kichwa: jina la mwenye nguo, aina ya nguo, siku aliyoonekana mara ya mwisho, hali ya nguo. Chafu. Chafu. Chafu na ina damu. Chafu. Akazigonga moja moja, mpaka akasita.

"Hii umeandika safi. Nguo safi haina haja ya kuandikishwa."

"Imekuwa safi tangu tarehe sita," dobi akasema. "Hapo chini pana nafasi ya maelezo. Andika tarehe."

Karani alimtazama, akamtazama na bibi aliyesimama nyuma yake, amejifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Akaandika tarehe. Akagonga mhuri wa serikali juu yake.

"Na nakala zetu," dobi akasema, akanyoosha mkono.